Dereva Bila Tingo

Siku hizi lori likirudi nyuma linalia lenyewe, pii pii pii, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake, na dereva anatazama kioo kidogo kinachomwonyesha kilichoko nyuma. Vijana wanaita maendeleo. Mimi niliona Tarime ambako kila lori lilikuwa na tingo wake, na kwangu mlio ule ni upweke uliotiwa betri.

Ogada na Rubeni walikuwa watu wa wakati ule. Ogada, Mjaluo wa kando ya ziwa, alishika usukani. Rubeni, Mkurya wa Itiryo, alikuwa tingo wake: alipakia, alifunga turubai, aliweka jiwe chini ya tairi mlimani, na penye kona mbaya alishuka akasimama nyuma ya lori. Kabla ya kupinda, Ogada alitoa kichwa dirishani na kuuliza, "Tingo, upo?" Rubeni alijibu, "Nipo dereva, kata!" Bila neno hilo usukani haukuzunguka. Sikuwahi kusikia kwamba lori lao limegusa ukuta wa mtu.

Lori lilipokufa, tajiri wao aliliuza kama chuma chakavu. Ogada aliomba kitu kimoja tu: usukani. Akaenda nao kwao ziwani, upande ambao leo unaitwa Rorya na ambao sisi tuliujua kuwa Tarime, akaunda mashua ya tanga akishirikiana na seremala wa huko. Usukani wa lori akaufunga nyuma ya mashua. Ukiuzungusha unavuta waya, na waya unageuza ubao wa kuongozea ulio majini. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. "Mzee, na honi umeiweka wapi?"

Mbele, penye mlingoti, alimweka Rubeni ashike kamba ya tanga. "Mkurya huyu," Ogada alikuwa akimtania mbele yangu, "alikuwa anaogopa maji mpaka ya kuoga. Mtazame sasa." Na Rubeni alikuwa akijibu, "Naogopa uendeshaji wako, siyo maji." Lakini kila walipotaka kugeuza: "Tingo, upo?" "Nipo dereva, kata!"

Kisha nyonga ya Rubeni ikaharibika. Akaanza kutembea na fimbo, na kupanda mashua kukamshinda. Joel, mtoto wa Ogada, alipoona hivyo akasema mlingoti ukatwe, usukani ung'olewe, iwekwe injini ambayo mtu mmoja anaiendesha akiwa na simu sikioni. Ogada hakula siku hiyo. Mkewe Boke, mwanamke wa Susuni asiyependa maneno marefu, ndiye aliyekata shauri.

"Baba Joel, uende peke yako mpaka lile jiwe la ndege, ulizunguke, urudi. Ukiweza, mtoto asiguse mlingoti. Ukishindwa, aweke injini yake na mimi nisisikie tena habari hii."

Jiwe la ndege ni mwamba ulio mbali kidogo na ufuko, mweupe kwa mavi ya ndege. Kulizunguka na tanga, ukiwa mmoja, ndiyo kazi yenyewe. Kamba ya tanga iko mbele, usukani uko nyuma, na mikono ya binadamu haifiki kote kuwili.

Ogada akaanza kufanya ufundi. Alifunga kapi sakafuni mwa mashua, akapitisha kamba ya tanga humo mpaka nyuma, karibu na goti lake, na hapo akapigilia kigingi cha kuifungia. Kwenye usukani alifunga ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya tairi, ule ambao watu wanafungia mizigo kwenye pikipiki, ili akiuachia ubaki palepale. Kiti akakisogeza, kila kitu kiwe karibu na mkono. Mimi na Rubeni tulikaa ufukoni tukimtazama, na Rubeni alikuwa akitoa maelekezo ambayo hakuombwa.

Siku ya kwanza ya kujaribu, hakufika hata nusu ya njia. Upepo uliruka ghafla, tanga likajaa, mashua ikalala ubavu. Ogada akarukia kamba ailegeze, lakini fundo halikufunguka. Kadiri upepo ulivyovuta ndivyo lilivyokaza. Aliponea kwenye usukani tu: aliigeuza mashua ikautazama upepo, tanga likapigapiga, mashua ikasimama wima ikiwa imejaa maji. Alirudi ameloa, kamba ameikata kwa kisu.

Boke aliokota kile kipande chenye fundo, akakigeuzageuza. "Nani kakufundisha fundo hili?"

"La Rubeni. La turubai."

"Fundo halijawahi kunifungukia njiani," Rubeni akasema kwa majivuno.

"Ndiyo ubaya wake, shemeji. Mnafunga upepo kama gunia?" Boke akaketi mchangani. "Ng'ombe mwenye teke ukimkamua unamfunga miguu ya nyuma, lakini ncha unaiacha nje. Akianza fujo, unavuta mara moja, kamba yote inaachia kabla hajakuangukia na kibuyu chako. Lete mguu."

Rubeni akatoa mguu ulio mzima, akafungwa kwenye fimbo yake mwenyewe. Boke akavuta ncha, kamba ikadondoka. Akamfunga tena, akamwambia mumewe avute. Walirudia mpaka Rubeni akalalamika kwamba sasa ataanza kutoa maziwa.

Safari iliyofuata tulimwona akienda vizuri. Upepo uliruka tena, tukaona tanga linalegea, linavutwa, linajaa. Boke aliguna kidogo, basi. Mashua ikafika jiwe la ndege. Ilipaswa kupinda. Haikupinda. Iliendelea moja kwa moja, ikalipita jiwe, ikazidi kuwa ndogo.

"Kuna nini?" nikauliza.

Rubeni alikuwa amesimama, fimbo imezama mchangani. "Anasubiri," akasema. Kisha akapaza sauti, ingawa hakuna sikio lingeweza kuipata kule: "Kata! Dereva, kata!"

Mashua ilikwenda zaidi kidogo, halafu taratibu ikageuka, ikazunguka jiwe kwa mbali, ikaelekea kwetu. Boke alifunga khanga yake upya kiunoni. "Joel atafute kazi nyingine ya kufanya," akasema.

Ogada alipokaribia kiasi cha kusikika, Rubeni alimfokea. "Ulikuwa unakwenda Uganda?"

"Niliuliza kama upo," Ogada akajibu kutoka majini. "Nikakaa nangoja jibu. Baadaye nikajijibu mwenyewe, kwa sauti yako."

"Ulisema sawasawa?"

"Nilichelewa."

Rubeni hakucheka. Alivua viatu, Mkurya yule, akaingia majini na fimbo yake mpaka magotini, akasimama akiikabili mashua kama alivyokuwa akifanya nyuma ya lori, mkono mmoja juu.

"Njoo! Njoo, njoo... kata kulia kidogo. Nyoosha! Njoo... haya, dereva, weka!"

Na Ogada, ambaye alikuwa ameuona ufuko wote mbele yake tangu mbali, hakuzungusha usukani hata mara moja kabla ya kuambiwa.