Kitambaa cha Mdomo cha Hemendra

Ndugu yangu Hemendra Dagli hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa mara ya kwanza. Maziwa yakiletwa asubuhi aliyaonja, akayaacha kidogo, akayaonja tena. Muuza mboga wa mtaa wetu hapa Vadodara alimwita polisi wa bamia. Mimi ni dada yake mkubwa, Indumati. Nilifiwa na mume mapema, yeye hakuoa, tukakaa pamoja nyumba moja hadi moyo wake uliposimama mwezi wa Phagun uliopita, baridi ilipokuwa inakwisha. Wenzetu wa hekaluni wameniomba niandike maisha yake. Mimi niliishia sekondari, kwa hiyo mambo ya maabara nitayaeleza kama alivyokuwa akinieleza huku anakula.

Kazi yake ya miaka ishirini na saba ilikuwa kutafuta dawa. Walikuwa na sahani za plastiki za ukubwa wa kiganja, kila moja ina vishimo mia tatu themanini na vinne. Ndani ya kila kishimo walitia seli, kemikali moja, na virusi. Seli zikifa, kishimo kilibaki giza. Zikipona, rangi waliyotia iling'aa buluu chini ya taa ya mashine. Kwa mwezi walipima kemikali elfu arobaini namna hiyo, na nyingi kati ya zile zilizong'aa zilikuwa zinadanganya. Kuzikamata ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Ni kama wachumba waliokuwa wakikuposa, Induben," aliniambia, yaani dada Indu. "Wote walikuwa wahandisi mpaka baba alipoanza kuulizia."

Virusi alivyovitafutia dawa ni vya chikungunya. Mama yetu aliugua mwaka ule mji mzima ulipougua, na viungo vyake havikunyooka tena. Hata hivyo yeye mwenyewe hakuipenda kazi hiyo. Sisi ni Wajaini, hatuui hata chungu. Akamuuliza mwanawe kama virusi vina uhai. Hemendra akajibu kwamba wataalamu bado wanabishana. Mama akasema, "Basi mpaka wamalize kubishana, utafunika mdomo." Ndiyo maana kila siku, juu ya barakoa ya maabara, alivaa kitambaa cheupe cha pamba kama tunachovaa wakati wa sala, ili pumzi zetu zisiue viumbe vidogo vya hewani.

Mama alipofariki, kufua vitambaa kukawa kazi yangu. Nilifua Jumapili na Jumatano, mwanzo kwa sabuni, baadaye kwa unga wa kung'arishia nguo kutoka dukani. Nilisuuza kwa maji kidogo, kama tulivyofundishwa, kwa kuwa maji nayo yana uhai wake. Nilitaka vitambaa viwe vyeupe pe, watu wasiseme mwanamume asiye na mke anatunzwa hovyo.

Mwaka wa tatu baada ya mama kufariki, Hemendra alianza kurudi nyumbani akiwa kimya. Sahani zake zilikuwa zinatoa majibu mazuri kupita kiasi. Vishimo vilikuwa vinang'aa, lakini kemikali zile zile zikipimwa siku nyingine zilikuwa giza. Mkurugenzi alifurahi, akataka kutangaza. Hemendra akakaa na daftari lake wiki nzima, akagundua kwamba mng'ao ulitokea Jumatatu na Alhamisi tu. Na sahani za Jumatatu na Alhamisi ziliandaliwa na fundi mmoja, Jagdish Vankar.

Jagdish alikuwa kijana mtaratibu, mkataba wake ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi, na mke wake alikuwa mjamzito. Hemendra alishuku kwamba anadondosha rangi kidogo kwenye vishimo ili mkurugenzi amwongezee mkataba. Akaanza kumvizia. Aliwahi kazini, akahesabu chupa za rangi, akasimama nyuma yake, akazidi ile desturi yake ya kuinama juu ya kila sahani kabla haijaingia kwenye mashine. Hakuona kitu, na kutoona kitu kukamwongezea shaka. "Ni hodari," alisema. "Mikono yake haitetemeki kabisa."

Na mimi nilichochea. Jagdish alikuwa akipita kwetu kuleta makaratasi, na nilimpa chai katika kikombe cha chuma nilichokiweka kando kwa ajili yake, kwa sababu ya ukoo wake, ambao kwetu huhesabiwa wa chini, tusitumie naye chombo kimoja. Nilimwambia ndugu yangu kwamba watu wa namna ile ukiwapa nafasi, ndiyo matokeo yake. Niliyasema hayo nikiwa nimeshika rozari.

Hemendra akaandika barua ya kumfukuza, akaiweka kwenye droo. Siku nane za Paryushan zilikuwa zinaanza, siku za kufunga na kujichunguza, naye hakutaka kumtoa mtu kazini ndani yake. Angeipeleka mara zikiisha.

Ile Jumatatu ya ndani ya mfungo, sahani za Jagdish zilikuwa giza. Alhamisi, giza tena.

"Ameshtuka," Hemendra akaniambia. "Kuna mtu amemtonya. Ni wewe?"

"Nimtonye mimi? Hata salamu simpi."

Alinitazama vile alivyokuwa akiyatazama maziwa. Kisha macho yakashuka kwenye kitambaa alichokuwa ameshika, akakinusa.

"Hiki hakina harufu ya unga."

Nikamkumbusha kwamba katika Paryushan hatufui kwa sabuni wala unga, nyumba hii haijawahi. Nilikuwa nimekichovya tu kwenye maji yaliyochujwa.

"Kwa kawaida unafua lini?"

Nilipomtajia siku, alikaa chini. Kitambaa kilichofuliwa Jumapili alikivaa Jumatatu. Cha Jumatano, Alhamisi. Siku za katikati alirudia kilekile, kikiwa kimekwisha kupukutika.

Kesho yake adhuhuri alirudi na taa ndogo ya maabara. Tuliingia stoo, akaziba mwanya wa mlango kwa gunia, akamulika kitambaa nilichokuwa nimekifua kabla ya mfungo na ambacho hakuwa amekivaa. Kiliwaka buluu, kwa ule unga wa kung'arishia ambao maji yangu kidogo hayakuuondoa. Alikikung'uta mara moja tu, na vumbi la nyuzi likaanguka sakafuni, kila unyuzi unang'aa. Hata ukingo wa sari yangu ulikuwa unang'aa. Kila alipoinama kuzikagua sahani, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiziharibu.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Jagdish hata siku moja hakuinamia sahani zake. Alikuwa anajua kazi kuliko mimi."

Barua aliichana. Siku ya mwisho ya mfungo, Samvatsari, ambayo kila Mjaini humwomba msamaha kila mtu, alikwenda kwa miguu hadi kwa Jagdish, akiwa hajala siku mbili. Aliniambia baadaye kwamba aliunganisha viganja, akaeleza yote, pamoja na barua. Jagdish akasema, "Sahibu, si ungeniuliza tu?"

Halafu akauliza nani alifua kitambaa. Hemendra, ambaye hakusema uongo, akajibu, "Kilifuliwa nyumbani." Jina langu hakulitaja.

Mkurugenzi alielezwa ukweli, na mkataba ukaongezwa. Kemikali mbili tu ndizo zilizobaki ziking'aa kwa haki, nazo zikashindwa zilipojaribiwa kwa panya. Ndugu yangu hakuacha dawa yoyote dukani. Tangu siku ile Jagdish alizikagua sahani za Hemendra kabla Hemendra hajazikagua za kwake, jambo lililomfurahisha sana ndugu yangu. Lakini kwetu alikabidhi makaratasi mlangoni tu, na chai akaikataa.

Hemendra alipofariki, Jagdish alikuja, akabeba jeneza, akaondoka. Mimi nilingoja Samvatsari ya mwaka huu, ndipo nikamwita. Nikamwambia ni mimi niliyefua, na ni mimi niliyesema maneno yale, na kikombe kile nacho kilikuwa changu.

"Najua, Induben," alisema. "Sahibu hakujua kufua hata leso. Na kikombe nilikuwa nakiona. Miaka kumi na mitatu nangoja mmoja wenu aje kwa hilo."

Nilimwomba msamaha kwa neno, kwa tendo na kwa wazo. Akasema amesikia. Sikumbana. Nilimletea chai katika kikombe cha kauri, sawa na changu. Alikigeuza taratibu, akakitazama chini na ukingoni, kama alivyofundishwa na ndugu yangu. Kisha akanywa.