Mikono Iliyokataa Kukamua

Miaka arobaini na mmoja watu wa kisiwa chetu cha Foa wameniamsha kabla jogoo hajamaliza kuwika. Huyu anaharisha: nampa maji ya majani machanga ya mpera. Yule ana jipu: napasha jani la mti wa nonu motoni, nambandika. Mtoto mchanga ana vidonda vya kinywa: hapo ni majani ya uhi, na uhi ndiyo dawa yetu hasa, ya mama yangu na ya mama yake. Sikumwambia mtu kwamba nimechoka. Nilichoka, lakini uchovu ulikuwa wangu.

Dawa yetu hufanya kazi kwa mkono uliokabidhiwa tu. Mwenyewe humshika mwenzake mikono, akaisugua kwa majani, akasema maneno. Akishaitoa, hairudi kwake. Wangu nilimwekea binti yangu Meleane, aliyeko Auckland. Kila Krismasi anasema anakuja. Losaline, mke wa mwanangu, nilimnyima. Ametoka kisiwa kingine, na anaongea chakula kikiwa mdomoni.

Jumatatu akaja Siale na kichanga chake.

"Tangu jana hanyonyi, bibi Ungatea. Akigusa ziwa analia."

Nikaponda uhi, nikautia ndani ya kilifu cha mnazi, zile nyuzi za kuchujia, nikasokota. Halikutoka hata tone. Mwaka huu vidole vyangu vimepinda kama miguu ya kaa. Nikasokota tena, kilifu kikaanguka mchangani.

"Nikusaidie, mama?" Losaline akauliza kutoka jikoni.

"Menya viazi vyako."

"Viazi vimekwisha. Nimenye nini tena, vidole?"

Siale akacheka, kisha akaanza kulia. Mtoto alifungua kinywa, ulimi mweupe mtupu, na sauti haikutoka. Nilimtazama yule mtoto. Nikatazama njia ya bandarini, kama mjinga, kana kwamba Meleane angetokea na sanduku lake.

"Njoo hapa," nikamwambia Losaline.

"Na wifi Meleane je?"

"Meleane anaponda majani gani huko Auckland? Lete mikono. Umeosha?"

"Nimeosha."

"Osha tena."

Akaosha. Nikachuma uhi mwingine, nikaisugua mikono yake, nikasema maneno ya mama yangu yote, sikuruka hata moja. Nilidhani nitasikia kitu kikinitoka. Sikusikia kitu. Losaline akasokota kilifu mara moja tu, maji ya kijani yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akampaka mtoto kwa kidole, taratibu, kwenye ufizi na chini ya ulimi, asubuhi na jioni. Jumatano mtoto akanyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni.

Alhamisi, kabla hakujapambazuka, mtu akaita mlangoni: "Losaline! Losaline ee!"

Nilikuwa nimekwisha kuketi, nguo begani. Nikalala tena. Usingizi haukuja.

Kwetu mkono wa dawa haumtibu mwenyewe. Goti langu limeniuma miaka kumi na mmoja, na kwa mganga mwingine sikwenda, nisije nikachekwa. Asubuhi ile Losaline alipomaliza na mgonjwa wake, akaja na jani la nonu linalofuka moshi.

"Nyoosha mguu, mama."

"Umelipasha mno."

"Nyoosha mguu."

Lilikuwa limepashwa mno kweli. Nikanyoosha.