Jina la Nahodha Mgongoni

Kila timu yetu inapotangaza wachezaji walioachwa, sisi mashabiki wa Kirumba tunampelekea fundi cherehani jezi zetu afumue majina yao. Tunabishana mpaka mapovu yanatutoka. Yeye, miwani puani na wembe vidoleni, anapuliza nyuzi tu.

"Nahodha kazeeka, aende zake," Ooko alisema juzi, akimtupia fundi jezi yake.

"Na krosi zake atapiga nani?" Paskazia akamjia juu.

Fundi alifumua herufi ya mwisho, akainua jezi. Kitambaa kilikuwa kimepauka kwa misimu yote tuliyokaa juani tukimshangilia nahodha, isipokuwa pale zilipokuwa herufi. Jina bado lilisomeka.

"Nishone la mchezaji mpya juu yake?" fundi akauliza taratibu.

Ooko aliichukua jezi, akaivaa hivyo hivyo.