Wiki Tuliyotafuta Kaburi la Ndizi

Jumamosi, tarehe tisa Agosti. Asubuhi kulikuwa na mawingu na kijibaridi ambacho si cha kawaida huku Mitunguu, hata nikamtafutia mama mkwe sweta. Kufika saa nne jua likatoka lote mara moja, na watu wakaanza kugombania kivuli.

Sijui kama haya ya leo niyaanzie leo au Jumapili iliyopita. Shule niliishia darasa la nane, na mwalimu wetu wa insha alikuwa akiniambia kwamba naanza hadithi kama mtu anayeingia kanisani wakati wa sadaka. Basi nitaanzia Jumapili, kwenye sinema, maana bila ile sinema sidhani kama tungepata shida hii.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyeleta hiyo sinema kwenye flashi. Ni ya zamani sana, rangi zake zimefifia kama leso iliyoanikwa mwaka mzima. Wazungu wanatafuta kaburi la mfalme wa Misri. Kuna mwenye kofia, kuna mwenye ramani, kuna mama mmoja anayejua kusoma michoro ya ukutani, na kuna tajiri ambaye ukimwona tu unajua atakufa. Juu ya picha imewekwa sauti ya kijana wa huku kwetu anayeisimulia kwa Kiswahili cha mjini, na anawapa wale wazungu maneno ambayo nadhani hawakuyasema. Mwenye kofia alipofika jangwani, kijana alimfanya aseme, "Huyu mzee leo lazima atoke, hata kama amejificha kwa sababu ya deni." Tulicheka hata chai ikamwagika.

Mama mkwe alikaa kiti cha mbele. Yeye sinema huwa anaihoji kama shahidi. Aliuliza kwa nini mfalme amezikwa na viti na sahani. Mume wangu akamweleza kwamba waliamini atavihitaji huko alikokwenda. Mama akasema hapa kwetu zamani wengi hawakuzikwa kabisa, mtu alipelekwa msituni na maneno yakaishia huko, na hakuna aliyemfuata tena kumuuliza habari za vyombo. Alisema bila kumcheka mtu. Nilimwona akiwahurumia wale wa Misri kwa kazi nyingi.

Halafu sanduku likafunguliwa na yule mfalme akaonekana, amezungushiwa vitambaa kutoka kichwani mpaka miguuni. Mama akainama mbele akamtazama vizuri.

"Mbona wamemfunga kama ndizi?" akasema. Akasimama akatoka nje.

Hapo lazima nieleze. Leo Jumamosi ndiyo siku ambayo wakwe kutoka Siakago walikuwa waje kuzungumza mahari ya binti wa mwisho wa mama. Mama alikuwa ameapa kwamba wageni hao hawatakula ndizi za sokoni zilizoivishwa kwa dawa, ambazo nje ni manjano na ndani ni ngumu kama sabuni. Angewaivishia muraru, zile ndizi za asili, kwa shimo, kama mama yake alivyofanya. Unachimba, unatandika majani makavu ya mgomba, unapanga vichana, unafunika na majani mengine, halafu udongo. Unaziacha karibu wiki. Ukifukua mapema kuchungulia, joto linatoka na umeziharibu. Sinema ndiyo iliyomkumbusha kwamba muda umefika wa kuzizika.

Na kulikuwa na jambo lingine ndani ya hizo ndizi. Kaka mkubwa, ambaye ni kifungua mimba wa mama na anaishi Meru mjini, anataka mama ahamie kwake. Anasema mama ameanza kusahau. Nisimwonee kaka mkubwa: humpigia mama simu kila siku, na ni kweli mama aliacha githeri ya mahindi na maharagwe kwenye moto mpaka sufuria ikawa nyeusi ndani na nje. Sufuria niliiona. Lakini pia mimi huunguza, na hakuna aliyesema nihamishwe. Mama hataki kwenda. Hataki nyumba ya vigae, anataka jikoni kwake na moshi wake. Mwezi jana walibishana mpaka mama akasema, "Siku ya wageni mtakula ndizi nilizoivisha mimi. Mkizila, hayo maneno ya Meru yaishe. Msipozila, nitafunga nguo zangu." Kaka mkubwa akakubali, na mama si mtu wa kurudisha neno.

Sasa turudi kwa sinema. Mama alipomaliza kufukia shimo lake alikuja akasimama mlangoni, mikono ina udongo, akatuambia amezika wapi na tusipaguse. Wakati huo huo wale wazungu walikuwa wanasukuma mlango wa mawe wa chumba cha pili na vumbi linamwagika. Sote tukajibu, "Ndiyo, mama." Sasa nikijaribu kukumbuka alisema wapi, naona mlango wa mawe tu. Kwa haki, tivi ilikuwa na kelele na mama ana sauti ndogo. Lakini watu wazima wanne walikodolea macho kaburi la Misri huku la kwao likifukiwa nje ya dirisha.

Jana Ijumaa shemeji akatayarisha kiwanja cha wageni. Siwezi kusema hakufanya kazi. Alikata nyasi, akahamisha kibanda cha kuku, akafungua kamba ya nguo, akaparua ardhi kwa jembe, akaifagia na kuinyunyizia maji mpaka ikang'aa kama uso wa bwana harusi. Mama alipotoka jioni akasimama katikati, akageuka huku, akageuka kule. Alikuwa amepima kwa kibanda cha kuku na kamba ya nguo, na akaweka jiwe na kijiti cha mpera. Jiwe shemeji alilitupa kwa ukingo wa shamba. Kijiti kilikuwa tayari kinaungua chini ya sufuria ya chai.

"Hakuna mtu aliniambia," shemeji akasema.

"Niliwaambia wote. Mlikuwa Misri," mama akajibu.

Tukaanza kuchimba. Shemeji alikwenda akavaa kofia ya marehemu baba, na sauti yake ikageuka ya yule kijana wa sinema, akawa anasimulia kila jembe linaposhuka. Mama alionyesha mahali, tukachimba, hapana. Akaonyesha pengine, hapana. Tulipata kijiko, mguu wa doli na kandambili moja ya kushoto ambayo kila mtu aliikana. Mimi nilicheka na wengine mpaka nilipomwangalia mama. Alikuwa ameshika vidole vyake kana kwamba anahesabu, na hahesabu kitu. Nikaacha kucheka.

Hapo ndipo gari la kaka mkubwa likaingia. Alitazama mashimo, akatutazama sisi, akauliza kama tunatega fuko. Alipoelezwa hakusema neno baya. Afadhali angesema. Alimshika mama bega kwa upole sana, na mama akautoa ule mkono kama mtu anayeondoa mdudu. Giza lilipokaribia tukafukia mashimo yote, shemeji akafagia tena na kumwaga maji, maana wageni hawawezi kukaribishwa kwenye uwanja uliochimbwa na nguruwe. Mume wangu akanong'ona kwamba afadhali ninunue ndizi za sokoni asubuhi. Nilinunua. Zilikuwa manjano, nzuri kwa macho. Nikazificha stoo, na mpaka sasa sijui kama huo ulikuwa msaada au usaliti.

Wageni wakaja leo kabla ya saa sita, wamevaa vizuri, na asali kwa mtungi. Wa heshima zaidi alikuwa mjomba wa bwana harusi, mzee mnene wa sauti ya chini. Anafuga mbuzi upande wa Siakago, na ameishi na ukame mpaka hana haraka na kitu chochote. Tulimpa kiti cha plastiki kilicho kipya, chini ya tenti, pahali penye kivuli kizito. Maombi yakaombwa. Utambulisho ukaanza, na kila upande ukasifu upande mwingine kwa maneno marefu. Mama alikaa na akina mama, sweta mwilini na jua lote lile, hatazami mtu. Kaka mkubwa alikuwa anazungumza kwa niaba yetu na alizungumza vizuri.

Zamu ya yule mjomba ilipofika, akaegemea nyuma ili apate pumzi ya kuanza. Mguu mmoja wa kiti ukazama. Halafu wa pili. Aliteremka polepole, kwa heshima, kama jua linavyotua, mpaka magoti yakawa juu kuliko tumbo na fimbo yake ikabaki imesimama peke yake. Hakuna aliyecheka. Mimi niliuma leso. Binti yetu anayechumbiwa alifunika uso kwa viganja viwili, maana kama mkwe ameanguka kwenu, nani atataka kuoa hapo?

Mzee akaangalia pande zote, bila hasira.

"Huku Mitunguu," akasema, "ardhi humla mgeni kabla mgeni hajala?"

Vijana walikimbia kumwinua. Ndipo harufu ikatoka. Ilipanda kutoka chini ya kiti, tamu na nzito, ikaenea chini ya tenti yote, na vichwa vikaanza kugeuka. Mama akasimama. Akapita mbele ya wazee wote, jambo ambalo huwa hafanyi, akamwinamia yule mzee hapo alipozama.

"Baba, nakuomba," akasema, "usitoke kwanza. Nikipoteza hapo tena, nitahamishwa."

Mzee hakuelewa, lakini alikaa. Alikaa vile vile amezama, na akawaambia vijana waondoe mikono. Mume wangu akaleta jembe, akachora mviringo kumzunguka, ndipo tukamwinua na kiti chake. Mama hakukubali jembe lishuke. Alipiga magoti akafukua kwa mikono, akaondoa udongo, akaondoa majani, na joto likatupiga usoni. Ndizi zilikuwa zimelala humo, manjano yenye madoadoa, zimeiva mpaka ncha. Vichana viwili vilipondwa na miguu ya kiti, siwezi kuficha.

Shemeji, aliyekuwa bado na kofia ya baba kichwani, akasema kwa sauti ya sinema kwamba mfalme amepatikana, na sasa ndipo watu wakacheka, Siakago na Mitunguu pamoja, na mjomba kuliko wote.

Tulipokuwa tunagawa, mume wangu akamwuliza kaka mkubwa pembeni kama yale mapatano bado yapo. Nilikuwa nimeshika sinia, nikasikia. Kaka mkubwa akasema kwamba kwa kweli mama hakuzipata, zimepatikana kwa makalio ya mkwe. Hiyo ni kweli, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeifikiria. Shemeji akasema mama angezipata kama yeye asingehamisha kibanda cha kuku. Hiyo pia ni kweli. Mama alikuja akawapita, akampa kaka mkubwa ndizi moja mkononi, akasimama akingoja.

Akaimenya. Akala yote, akaligeuza ganda mkononi.

"Tulisema tukizila," akasema. "Hatukusema nani atazifukua." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba atamletea mama jiko la gesi, na mama akamwambia alete, kuku wake watapata pa kutagia.

Zile za sokoni nilizitoa baadaye nikawapa ng'ombe. Wageni waliondoka na mambo ya binti yamekwenda vizuri, na wamesema watarudi. Kaka mkubwa alirudi Meru peke yake garini kabla ya giza. Sijui kama nimeandika kila mtu sawa na alivyokuwa, hasa yeye.

Jioni hatukupika. Tulipasha mukimo wa viazi na mahindi uliobaki kwa wageni, tukala na supu ya mbuzi na kabeji kidogo. Ya mama nilimpelekea jikoni kwake, nikamkuta amewasha moto tayari, na akasema supu haina chumvi.