Nilipoishtaki Chai ya Saa Nne

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikiona birika la umeme. Hucheka kwanza, halafu naona haya. Vuta kiti nikusimulie. Najua unashangaa kuitwa mwanangu na mtu asiye na mkongojo, lakini katika kazi hii yetu ya kompyuta, mtu akifika miaka arobaini na mitano ameshakuwa mama wa ofisi nzima. Mashine nilizojifunzia mimi, leo watu wanazitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

Wakati huo nilikuwa sijafikisha thelathini. Vurugu za uchaguzi zilikuwa zimepoa, lakini majivu bado yalikuwa na joto. Mimi ni mtu wa kutoka upande wa Ziwa, nikiishi mtaa wa West Indies hapa Eldoret, na mwaka ule wa vurugu nilikuwa nimelala siku tisa kwenye uwanja wa kanisa na sanduku moja la nguo. Nilirudi nyumbani salama, ila nilirudi na macho ya paka. Kila aliyenitazama mara mbili, nilijiuliza anapanga nini.

Nikapata kazi kwenye ushirika mmoja wa wafugaji, nje kidogo ya mji. Maziwa yalikuja kutoka Plateau, kutoka Burnt Forest, kutoka kila upande. Watu ambao juzi walikuwa wanakimbiana, sasa walipanga foleni moja getini, kila mmoja na mikebe yake. Hawakusemezana, lakini walipanga. Meneja wetu, Mwalimu Jeptoo, aliyekuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, alikuwa akisema foleni ile ndiyo mkutano wa amani pekee usiohitaji hotuba.

Ushirika ulinunua seva moja kubwa, nikaifunga mimi mwenyewe. Ndani yake nikaweka seva nyingine nne, ambazo huwezi kuzishika kwa mkono. Zinaishi ndani ya ile kubwa kama wapangaji wanne katika nyumba moja. Mmoja alirekodi uzani wa maziwa pale getini, wa pili alitunza majibu ya maabara, wa tatu alipanga malori, wa nne alishughulikia barua za ofisi. Na wote wanne walipitia mlango mmoja, yaani kadi ya mtandao ya ile seva kubwa. Mlango ukifungwa, wapangaji wako hai huko ndani, lakini hakuna anayewasikia wakiita.

Nilijivuna, mwanangu. Nilitembea na funguo za chumba cha seva shingoni kama nishani.

Wiki ya pili, saa nne asubuhi, mtandao ukakatika. Mizani getini ikanyamaza, maabara ikanyamaza, na mlinzi akakataa kupitisha mkebe hata mmoja bila uzani kuandikwa. Jua lilikuwa limepanda, na maziwa hayajui kungoja. Baada ya nusu saa hivi mtandao ukarudi wenyewe. Nikasema ni bahati mbaya. Kesho yake, saa nne, ukakatika tena. Kesho kutwa, vivyo hivyo.

Nilifanya kila kitu ila kufikiri. Nilizima wapangaji nikawawasha. Nilimfuta mmoja nikamjenga upya toka msingi. Nilibadilisha kebo ya buluu nikaweka ya manjano, kana kwamba data huchagua rangi. Nilisema ni panya, nikatega mtego nyuma ya seva, na mtego ukanasa kidole changu mwenyewe. Dada mmoja wa maabara, mtu wa maombi, akaniambia hili si jambo la kawaida. Tukaingia chumbani watu sita, tukaizunguka ile mashine, tukaomba. Nakuapia, tulipotamka "Amina" taa zikaanza kuchezacheza na mtandao ukarudi. Siku hiyo niliamini kazi imekwisha. Kesho yake saa nne ukakatika, na yule dada akaniuliza taratibu kama nina dhambi ambayo sijaitubu.

Ndipo nilipomwona Mzee Lelei.

Mzee Lelei alikuwa mpika chai wetu, mtu mrefu, mpole, mkulima wa mahindi aliyechoshwa na jembe. Jiko lake la chai lilipakana ukuta na chumba cha seva. Na kila siku, saa nne kasoro dakika tano, alichomeka birika lake kubwa la umeme. Saa nne chai inamiminwa, saa nne mtandao unakufa. Nikasema, haya! Mwizi nimemshika. Lakini akili yangu haikuishia kwenye birika. Iliendelea mbele peke yake kama gari lililokatika breki. Kwa nini achomeke pale pale ukutani kwangu? Na kwa nini alitabasamu jana aliponiona nikikimbia?

Ulimi hauna mfupa. Nilisimama kwenye chumba cha kulia, mbele ya wafanyakazi wote, kila mtu na kikombe chake, nikasema kwa sauti, "Huyu mzee anazima mtandao wangu makusudi. Watu wa hapa hawataki kuona mtu wa Ziwa akifaulu."

Mtu mmoja aliweka kikombe mezani, na sauti yake ikasikika kama mlango unaofungwa. Mzee Lelei alitua birika lake.

"Madam," akasema, "mimi naweka tu majani."

Nikapiga marufuku chai kwenye jengo lote. Mwanangu, ukitaka kujua nani anakupenda Eldoret, wanyime watu chai ya saa nne kwenye baridi ile. Mhasibu aliacha kunisalimu. Mtu wa maabara alikuja na chupa ya chai amefunga ndani ya koti kama mtu anayetorosha pombe ya chang'aa. Mzee Lelei alikunja aproni, akachukua sufuria na majani yake, akaondoka.

Siku iliyofuata nilisimama kando ya seva na saa mkononi. Hakukuwa na birika, hakukuwa na chai, hakukuwa na Lelei. Saa nne ilipogonga, mtandao ukakatika.

Mwalimu Jeptoo aliniita. Hakupaza sauti. Walimu wa zamani hawana haja. Wanakutazama tu mpaka unakumbuka hesabu zote ulizowahi kukosa.

"Rosa," akasema, "chai imeonekana haina hatia. Sasa utamshika nani? Ng'ombe?"

Akanionyesha kiti.

"Nikuambie kitu. Mwaka ule, jirani yangu alipotelewa na ng'ombe. Mtu akasema, ni wale. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeona. Jioni ghala la mahindi la watu fulani likachomwa, na familia ikahama na haijarudi mpaka leo. Asubuhi ng'ombe akapatikana nyuma ya zahanati, anakula nyasi. Ng'ombe alirudi, Rosa. Ghala halikurudi." Akachukua karatasi mbili, akanisukumia. "Hii, andika ulichoona kwa macho yako. Hii nyingine, andika ulichodhani. Usichanganye."

Nilikaa nikaandika. Karatasi ya niliyoyadhani ilijaa mpaka nikageuza upande wa pili. Karatasi ya niliyoyaona ilikuwa na mistari mitatu: mtandao hukatika saa nne, hurudi baada ya nusu saa, wapangaji wote wanne hupotea pamoja.

Huo mstari wa tatu nikausoma mara mbili. Wote wanne pamoja! Basi kosa haliko kwa mpangaji yeyote. Liko kwa mwenye nyumba. Na siku zote hizo nilikuwa nikisoma kumbukumbu za wapangaji tu, sijawahi kufungua za seva kubwa yenyewe. Nikafungua. Yalikuwa yameandikwa pale wazi, siku baada ya siku: saa nne na sekunde chache, kadi ya mtandao imelemewa, kadi imeacha kujibu. Na juu yake, saa nne kamili: kazi ya kunakili seva zote nne imeanza.

Kazi hiyo niliipanga mimi, mwanzoni mwa ile wiki ya pili. Nilitaka data zote zinakiliwe kila siku saa nne usiku, watu wakiwa wamelala. Nikaandika kumi, kwa hesabu ya Kizungu, na nikasahau kuchagua usiku. Mashine, kwa utiifu wake, ikawa inabeba mzigo wa nyumba nzima na kuupitisha kwenye mlango ule mmoja kila asubuhi, wakati foleni getini imefika barabarani. Tena ile kadi ilikuwa na programu ya kale ya kuiendesha, isiyoweza mzigo mzito. Ikilemewa, inazirai, na nakala ikikata tamaa, kadi inazinduka. Ile "Amina" yetu iliangukia tu dakika hiyo. Nyani haoni kundule, mwanangu. Nilikaa pale nikijitazama kundu langu lote.

Nikatoka kumtafuta Mzee Lelei. Nilimkuta getini. Alikuwa amewasha moto wa kuni kando ya ukuta, sufuria kubwa juu yake, na anawamiminia chai wafugaji waliokuwa wameng'ang'ania hapo na mikebe yao. Maziwa, bila shaka, hayakukosekana. Mlinzi akaninong'oneza kwamba asubuhi ile maneno yalikuwa yameanza kuwa makali kwenye foleni. Mmoja alisema mizani imezimwa ili maziwa ya watu fulani yaharibike, mwingine akashika fimbo. Mzee Lelei akaingia katikati yao na vikombe. Kabla nusu saa haijaisha, mtu wa Burnt Forest alikuwa amemshikia mtu wa Plateau kikombe ili afunge kifuniko cha mkebe wake.

Chai niliyoipiga marufuku ndiyo iliyokuwa imezima moto nilioukoka mimi.

"Mzee," nikasema, na nikasema kwa sauti ili foleni isikie, "si wewe. Ni mimi. Niliipa mashine kazi saa nne, na nikakulaumu wewe. Nisamehe. Na lile neno nililosema juu ya watu wa hapa, nilisahau kwamba hata mimi sasa ni mtu wa hapa."

Akakoroga sufuria.

"Kwa hivyo mashine ilikuwa inafanya kazi ngumu saa nne?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na hakuna mtu aliyeipatia chai?"

Foleni nzima ikacheka, na yeye akanipa kikombe. Kesho yake nikarudi chumba cha kulia na kumwomba msamaha tena mbele ya wale wale. Hiyo ilikuwa ngumu zaidi.

Nilisogeza kazi ya kunakili ikawa usiku, nikataka kuishia hapo. Mwalimu Jeptoo akauliza, "Mzigo umeuhamisha. Na mgongo umeuponya?" Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaweka programu mpya ya kadi, nikaagiza kadi ya pili ya aina nyingine ili moja ikianguka nyingine ishike. Kisha nikaianzisha nakala mchana kweupe, makusudi, wote wakitazama. Mtandao haukutikisika. Mhasibu akaanza kunisalimu tena, ingawa kwa shingo upande.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kitu kikikatika mikononi mwako, anza na kile ulichokigusa wewe mwisho, kabla hujatazama alichogusa jirani. Soma kumbukumbu za mwenye nyumba kabla ya kuwavunjia wapangaji milango. Mambo mawili yakitokea saa ile ile, usiyaoze bila mashahidi. Na ukimkosea mtu mbele ya watu, usiende kumtaka radhi kwenye kona. Mrudishie heshima yake pale pale ulipomvua. Kadi ya mtandao huagizwa Nairobi ikafika kwa siku mbili. Jina la mtu haliagizwi popote.

Nenda na Mungu, mwanangu. Akujalie macho yanayofika kabla ya mdomo, moyo usiotafuta adui pale palipo na hitilafu tu, na wazee wa kukukanya kwa upole kabla dunia haijakukanya kwa fimbo.