Fundi anayekwangua rangi aliyoipaka mwenyewe

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Madirisha ya ukumbi wa sanaa wa chuo bado yamefungwa, na taa iliyowashwa ni moja tu, ile inayomulika ukuta wa kusini. Mzee mmoja amepiga magoti juu ya mto wa kochi kuukuu. Mkono wa kulia ana kisu chembamba cha kukwangulia, wa kushoto ana pamba. Anapuliza vumbi, anasogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa ukuta, anakwangua kidogo, anasimama. Anakwangua tena.

“Hii ya bluu,” anasema bila kugeuka, “ni mwaka wa yale maonyesho ya samaki, walipotaka ukuta uwe bahari. Hapa bado miaka kumi.”

Wanafunzi wanamwita Mzee Chokaa. Jina lake la kwenye kitambulisho, kwa maneno yake mwenyewe, linajulikana na mkewe na mhasibu wa chuo tu, na mkewe naye halitumii. Ana umri wa miaka hamsini na tisa. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake hapa imekuwa ni hiyo hiyo: maonyesho yakiisha anateremsha picha, anaziba matundu ya misumari, anapiga msasa, kisha anapaka ukumbi wote rangi nyeupe. Wageni wanaofuata wasijue kulikuwa na nini.

Ratiba ya mwaka ujao imeshachapishwa, karatasi iliyokunjwa mara tatu, na inagawiwa pale getini. Kuna maonyesho matano. Yataanza ya vyombo vya udongo, yafuate ya picha za kamera, halafu kazi za walimu, halafu za wanaohitimu. Kila Jumatano jioni msanii atazungumza na wageni, na Jumamosi watoto wa jirani watafundishwa kuchora. Onyesho la tano ni la Novemba, na maelezo yake ni mafupi kuliko yote: “Ukuta wa kusini. Mkaa juu ya plasta. Mchoraji ni marehemu, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo hiki.”

Kazi hiyo bado haijaonekana. Imo ndani ya ukuta, chini ya rangi, na aliyeifunika ni Mzee Chokaa.

Ilikuwa miaka kumi na saba iliyopita, wiki ya kufunga maonyesho ya wanaohitimu. Binti mmoja, mpole, mwenye kikohozi kisichoisha, aliomba asichore kwenye karatasi. Alipewa ukuta. Akauchora kwa mkaa siku sita, mita mbili kwenda juu, mita mbili kwenda pembeni. Waliowahi kuuona ni wanafunzi wenzake na walimu wawili watatu. Mama yake alikuwa mbali, alikuwa bado anatafuta ruhusa kazini.

Ijumaa maonyesho yakafungwa. Binti akabandika karatasi juu ya ukuta wake, kwa mwandiko wa kalamu ya wino: “Ukuta huu usiguswe mpaka Jumamosi ijayo. Mama anakuja.”

Jumatatu asubuhi Mzee Chokaa aliisoma karatasi ile. Aliisoma vizuri tu, mara mbili.

Hapo ndipo mtu anaweza kumwona mjinga, na yeye hakatai. Ila asikilizwe kwanza. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amefagia rundo la magazeti yaliyochanwa, akalipeleka jalalani, kumbe ni kazi ya mwanafunzi, imepewa na alama. Alisemwa mbele ya watu mpaka akatamani ardhi ipasuke. Na katika maonyesho yale yale ya binti kulikuwa na kiti chenye kibao “Usikalie”, na kibao ndicho kilichokuwa sanaa yenyewe, kiti kilikuwa cha kantini tu.

“Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka,” anasema. “Nikajiambia, na hii karatasi ni sanaa. Nikaibandua polepole isichanike. Nikaitia kwenye bahasha, nikaandika namba, nikaiweka stoo na kazi nyingine. Halafu nikachukua rola.”

Anacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyefurahi, kisha anafuta kisu kwa pamba kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji.

Jumamosi mama alifika, amevaa vizuri, na mkoba wake wa safari begani. Alisimama mbele ya ukuta mweupe. Mzee Chokaa alikuwa juu ya ngazi, anafunga taa. Anasema binti hakupiga kelele wala hakuuliza nani kafanya. Alimshika mama yake mkono, akamwambia, “Si neno, Mama. Nitakuchorea tena.”

Hakuchora tena. Kikohozi kile kilimlaza, na baada ya miezi kumi na minne akafariki.

Fundi aliufyata ulimi. Aliendelea kupaka. Nyuma ya mlango wa stoo huwa anachora mstari wa penseli kila anapomaliza mkono mmoja wa rangi, maana mafundi huhesabu hivyo: mkono wa kwanza, mkono wa pili. Tangu Jumatatu ile ameshaupaka ukuta wa kusini mikono tisini na minne. Kuta nyingine tatu anazipaka haraka. Ule wa kusini, anasema, kila mara alikuwa anauanza mwisho, na akimaliza hasemi na mtu mpaka afike nyumbani.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka huu, katika kikao cha kupanga ratiba, msanii aliyetarajiwa Novemba alijitoa. Msimamizi wa ukumbi, mwanamke kijana ambaye wakati ule wa mkasa alikuwa bado shule ya msingi, akauliza kama kuna mwenye wazo. Mzee Chokaa alikuwa ameitwa aeleze habari za ngazi iliyovunjika tu. Akapiga moyo konde, akasimama.

“Kuna picha humo ndani ya ukuta,” akasema. “Niliifunika mimi.”

“Nilidhani anatania,” anasema msimamizi. “Nikamwambia, Mzee wangu, rangi ya miaka yote hiyo, kitakuwa kimebaki nini? Akanijibu kuhusu vanishi.”

Vanishi ndiyo matumaini yote. Mkaa hauzibiki kwa rangi nyeupe, unatokeza wa kijivu hata ukipaka mikono minne. Kwa hiyo Jumatatu ile, kabla ya rangi, alipiga kwanza mkono mmoja wa vanishi. Alifanya kwa kununa, kwa sababu ilimchelewesha kwa saa tatu. Kama vanishi ilishika vizuri, mkaa umelala chini yake salama, na rangi itabanduka juu yake kama ganda. Pale ambapo haikushika, kisu kitaondoka na rangi na mkaa pamoja, na hapo hakuna wa kulaumiwa ila mwenye kisu.

Ameugawa ukuta katika vipande vya ukubwa wa kiganja. Viko mia nne. Kwa asubuhi moja anamaliza viwili, kabla wanafunzi hawajaingia. Maonyesho mengine yakiendelea, ukuta utafunikwa pazia naye atakuwa nyuma yake. Mpaka leo amefungua vipande thelathini na kimoja. Ishirini na viwili vimetoa mistari: ukingo wa kitambaa, kitu kama kiwiko, vidole vitatu vilivyoshika ukosi wa nguo. Tisa vimetoka vitupu, na hajui kama binti hakuchora hapo au yeye ndiye aliyekwangua mkaa ukaondoka.

“Hivyo tisa ndivyo ninavyolala navyo,” anasema.

Daktari amemwambia jicho la kushoto lina mtoto wa jicho na vumbi si rafiki yake. Mkewe anasema miaka yote mzee huyu alikuwa anarudi na rangi kwenye nywele, sasa anarudi na vumbi lake. “Rangi angalau ilikuwa inatoka ukisugua,” anasema. “Lakini simzuii. Kuna usingizi ameanza kuupata ambao nilikuwa sijauona tangu tuwe na watoto wadogo.”

Kabla ya kugusa ukuta kwa kisu, Mzee Chokaa alipanda basi na ile bahasha kwenda kwa mama wa marehemu. Alimkuta anaanua nguo. Akajitambulisha, akasema yote akiwa amesimama, akampa karatasi.

Mama hakuwa anajua kwamba iliwahi kuandikwa. Aliisoma, akaketi kwenye kizingiti na nguo zake mapajani. “Mama anakuja,” akasoma kwa sauti. Akalia, na mzee naye akalia, wala hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Alipotulia aliuliza swali moja ambalo hata kikao cha ratiba hakikuwa kimeliuliza. “Na maonyesho yakiisha, ndugu yangu, ukuta utakuwaje?”

Akamwambia ukweli. Ukumbi ni huo huo mmoja. Januari unaingia mwaka mwingine na wasanii wengine, na kuta lazima ziwe nyeupe. Msimamizi ameahidi kupigania ukuta uwekewe vioo vya kuulinda, lakini chuo hakijakubali, na huenda kisikubali.

“Basi utapaka wewe,” mama akasema. “Usimwachie mwingine. Ila safari hii nitakuwepo.”

Kwa hiyo mpango wa Mzee Chokaa ni huu. Novemba mama ataingia kwanza, peke yake, kabla ya mtu yeyote, atazame mpaka atosheke, na vile vitupu avione pia, asifichwe. Desemba, wiki ya mwisho kabla ya kustaafu, mzee ataweka kiti katikati ya ukumbi kwa ajili ya mama. Atapiga vanishi mikono miwili, taratibu, ili akija mwingine na kisu asipate taabu. Halafu atachukua brashi, si rola.

“Nitaanzia pembeni,” anasema, na sasa amegeuka, vumbi la bluu kwenye nyusi. “Na kila mara kabla sijaweka brashi nitamuuliza, Mama, nifunike hapa? Akisema bado, nasubiri. Hata kama ni mpaka giza liingie. Siku ile kilichonishinda ndicho hicho tu. Kuuliza.”