Ng'ombe wa Mlimani, Punda wa Tambarare

Zamani, kabla sijaoa, baba alikuwa akipeleka mahindi Dongobesh kwa wanyama wa aina mbili. Kwetu Masieda kuna mlima. Magunia yalifungwa juu ya gogo lenye panda, ng'ombe wakaliburuta mpaka juu. Pale juu ng'ombe walifunguliwa, mzigo ukahamia kwa punda. Ng'ombe ana nguvu nyingi, ila anachoka upesi na anakula sana. Punda mlima ule ungemshinda, lakini kwenye tambarare anakwenda kutwa kwa majani ya njiani tu. Tulikuwa na dume moja jekundu lisilotaka kufunguliwa na mtu mwenye kofia, mpaka baba alikuwa akiivua kila akilisogelea. Hilo tuliache.

Siku hizi mnunuzi anakuja na Fuso mpaka mlangoni, na punda wamebaki wa maji. Ningekuwa nimeshawasahau kama si mtoto wa kaka yangu. Huyu alisoma hadi akafika nchi za nje, akawa mchoraji wa vyombo vya kubeba mizigo huko juu, kwenye njia ambazo setilaiti zinazunguka dunia. Mimi shule niliishia darasa la pili, nasimulia nilivyoelewa.

Alirudi karibu na wakati mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha. Alikuwa amepata kazi ya miaka mingi hukohuko nchi za nje, na alitaka kitu kimoja, baraka ya baba yake. Kwetu mtu akienda mbali hivyo wazee hukaa na kibuyu cha pombe. Kwanza msafiri anaeleza anakwenda kufanya nini. Kisha baba yake anatamka maneno, wengine wanaitikia. Na mbele ya kibuyu halitajwi jambo la kwenda bila kurudi. Hata aliyefiwa hulizunguka kwa maneno mengine.

Kaka hakutaka aende, ila alikubali kukaa. Tulikuwa wazee wanne, sisi wawili na majirani wawili, asubuhi, uani kwake.

Kijana aliwasalimia wote shikamoo, akaeleza vizuri. Roketi inaacha mzigo njia ya chini, chombo chake kinaupokea na kuupandisha njia ya juu. Kina injini mbili. Moja inachoma mafuta, inasukuma kwa nguvu muda mfupi. Nyingine ni ya umeme wa jua na gesi kidogo. Alisema hiyo hata sahani ya ugali haiwezi kuinyanyua mezani, ila huko juu hakuna kinachoizuia, basi inasukuma miezi.

Akanigeukia. "Baba mdogo, ni ng'ombe na punda wa babu. Kazi yangu ni kupima ng'ombe aachie wapi, punda aanzie wapi."

Nilimwona kaka akitabasamu. Jirani mmoja akauliza kama huko juu nako kuna kizuizi cha ushuru wa mazao. Tukacheka, na kaka akakichukua kibuyu. Alikuwa ameshafungua kinywa.

Jirani yuleyule, kwa kupenda maongezi tu, akauliza chombo kikizeeka kinarudi kwa njia gani.

"Hakirudi," kijana akasema. "Mafuta ya mwisho yanakisukuma mbali, kinabaki hukohuko."

Kaka alikirudisha kibuyu chini. Mimi nikamwambia kijana aligeuze neno, aseme kinarudi, limalizike. Ni jambo dogo, wazee wangeitikia na pombe ingenyweka.

"Baba mdogo, kikirudi kitagonga vingine. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Siwezi kuieleza kwa uongo halafu nikabarikiwa kwa huo uongo."

"Basi umelisema mwenyewe," kaka alisema.

"Baba, nimesema chombo."

"Nimesikia."

Kijana alingoja. Kaka alikuwa akimtazama kuku aliyeparua karibu na kibuyu, akamfukuza kwa mguu. Pombe ilikuwa nzuri, ya mtama mpya, shemeji alihangaika nayo wiki nzima.

Kijana akasimama, akachukua koti lake kwenye kigoda, akatuaga mmoja mmoja, baba yake wa mwisho. Akapita kando ya zizi, akashika njia ya barabarani. Hakurudi tena.